Kiatu cha Vidole Vitano: Raba Iliyowauzia Watu Miguu Yao Wenyewe

Kuna kiatu ambacho ukikiona kwa mara ya kwanza lazima ucheke. Hakina kisigino, hakina soli ya maana, na mbele kimegawanyika vidole vitano kama glavu. Aliyekivaa anafanana na chura aliyepiga jinzi. Lakini kati ya mwaka 2009 na 2012 kiatu hicho ndicho kilikuwa habari ya mjini Marekani na Ulaya. Watu walikikimbilia mazoezini, sokoni, hata ofisini. Mmoja wa waanzilishi wa Google alionekana nacho kwenye shughuli za watu wazito. Mwaka 2011 Jeshi la Marekani likalazimika kutoa tamko kwamba viatu vya vidole haviruhusiwi kwenye sare za mazoezi, maana vinaharibu mwonekano wa askari.

Jina lake ni FiveFingers, na kampuni iliyokileta ni Vibram ya Italia. Kilichouzwa hapo hakikuwa mpira na kitambaa. Iliuzwa stori: kwamba mguu wa binadamu hauhitaji raba, na kwamba ukirudi kukimbia kama babu zako utapona maumivu yako yote. Mhusika mkuu wa stori hiyo alikuwa mkimbiaji wa nchi maskini, yule aliyekua akikimbia peku. Mkwanja, kama kawaida, ulilala kwingine.

Mdau, kaa vizuri. Hii ishu ilianza zamani kidogo.

Roma, 1960: Jamaa asiye na viatu

Septemba 10, 1960, jioni, mbio za marathoni za Olimpiki zilianza mjini Roma. Kati ya wakimbiaji alikuwepo askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, kijana ambaye wazungu wengi pale hawakuwahi kumsikia: Abebe Bikila. Viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Mazoezini alishazoea kukimbia peku, kwa hiyo akaamua kuingia barabarani hivyo hivyo.

Njia ilipita karibu na mnara wa Axum, ule ambao majeshi ya Mussolini yaliubeba kutoka Ethiopia na kuusimamisha Roma kama nyara. Maeneo hayo hayo, zikiwa zimebaki kama kilomita moja na ushee, Bikila alimwacha Mmoroko aliyekuwa naye bega kwa bega. Akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wote duniani wakati huo. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki. Mnara wenyewe ulikuja kurudishwa nyumbani mwaka 2005.

Picha ya nyayo zile juu ya mawe ya Roma imezunguka dunia kwa zaidi ya miaka 60. Kila mtu anayetaka kuuza kiatu chembamba anaanzia hapo. Ila kuna kipande ambacho wauzaji huwa wanakiruka. Miaka minne baadaye, Tokyo 1964, Bikila alirudi wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, akashinda tena, na safari hii kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Alikuwa amevaa viatu.

Yaani jamaa alishinda peku na akashinda na viatu, tena na viatu akaenda kasi zaidi. Tunza hiyo, utaihitaji huko mbele.

Kisigino kilivyopanda juu

Miaka ya 60 na 70 Wamarekani wa kawaida walianza kukimbia kwa ajili ya afya. Zamani anayekimbia barabarani alikuwa mwanariadha au mwizi. Sasa akawa ni mhasibu, mwalimu, mama wa nyumbani. Watu hawa walikuwa na miguu iliyozoea kiti cha ofisi, na viwanda vikaona soko.

Nike, iliyopata jina hilo mwaka 1971, ikatoa Cortez mwaka 1972, raba yenye sponji nzuri chini na kisigino kilichonyanyuliwa. Mwaka 1987 ikaja Air Max ya kwanza yenye kidirisha cha hewa kisiginoni, ile ambayo hadi leo vijana wanaipigania mtumbani. Kila mwaka soli iliongezwa kitu: hewa, jeli, plastiki ya kuzuia mguu usilale upande. Ikafika mahali raba ya kawaida ya kukimbilia kisigino chake kinaizidi sehemu ya vidole kwa milimita 10 hadi 12.

Tatizo ni kwamba wakimbiaji waliendelea kuumia. Magoti, miundi, nyayo, kano ya nyuma ya kisigino. Raba ikawa bora, bei ikapanda, na majeruhi hawakupungua kama watu walivyotarajia. Hapo ndipo swali lilipozaliwa: vipi kama tatizo ni raba yenyewe?

Ni swali la haki kabisa. Kilichofanyika baada ya kuuliza swali hilo ndicho kilicholeta msala.

Wamasai wanauza kiatu ambacho hawajawahi kukivaa

Kabla ya FiveFingers palikuwa na kituko kimoja. Mwaka 1996 injinia mmoja wa Uswisi alitengeneza kiatu chenye soli nene iliyojikunja kama mtumbwi. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ya mjini ni ngumu na tambarare mno, kwa hiyo kiatu kikiyumba kidogo misuli itafanya kazi kama vile unatembea peku kwenye ardhi laini. Akakipa jina: Masai Barefoot Technology, kwa kifupi MBT.

Soma tena jina hilo. Kiatu kinene kuliko vyote dukani, kinabeba neno "peku" na kinabeba jina la Wamasai. Wakati huo huo Mmasai mwenyewe, ukienda Arusha, Longido au Namanga, anatembea na katambuga: kipande cha tairi kuukuu, mikanda ya mpira, misumari, kazi imeisha. Wakenya wanaviita akala. Soli haina mbwembwe, haichomwi na miiba, na inaweza kuishi kuliko pikipiki iliyotoa hilo tairi.

Soko la viatu vya kuyumba likapanda. Skechers wakaingia na Shape-ups, wakidai vinapunguza uzito na kukaza makalio, na Februari 2011 wakamweka nyota mmoja wa vipindi vya maisha halisi vya televisheni ya Marekani kwenye tangazo la Super Bowl. Jina lake halina haja ya kutajwa, ukoo wake wote unaujua. Mwaka uliofuata, 2012, Skechers wakakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kwamba matangazo yale yaliwadanganya wateja.

Somo lilikuwa limeshaandikwa ubaoni. Ila upande wa pili wa duka watu walikuwa wamepanga foleni ya kiatu kingine.

Kiatu cha vidole kinazaliwa

Vibram haikuwa kampuni ya kubabaisha. Mwaka 1935 wapanda milima sita wa Italia walikufa kwenye milima ya Alps, na viatu visivyofaa vikatajwa miongoni mwa sababu. Rafiki yao, Vitale Bramani, akaanza kutafuta soli inayoshika mwamba na kuhimili baridi. Mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno makubwa, na jina la kampuni akalitengeneza kwa herufi za jina lake: Vi na Bram. Hadi leo mabuti mengi ya mlimani yana kile kibandiko cha njano chini.

Sasa angalia maisha yanavyozunguka. Kampuni iliyotajirika kwa kuuza soli nene ikafuatwa na mwanafunzi mmoja wa ubunifu kutoka kaskazini mwa Italia, ambaye mwaka 1999 alikuwa na wazo la kutembea msituni kama vile hujavaa kitu. Mguu una mifupa 26, alikuwa anaupenda, na hakuona sababu ya kuufungia kwenye boksi. Vibram wakalipenda wazo. Mwanzoni hawakulenga wakimbiaji kabisa. Walifikiria mabaharia wa boti za mashindano, watu wanaohitaji kushika sakafu yenye maji bila kuteleza.

Kiatu kikaingia soko la Marekani mwaka 2006. Bosi wa tawi la kule alikuwa mkimbiaji mwenye matatizo ya goti, akajaribu kukimbia nacho, akaona maumivu yamepungua. Kuanzia hapo mwelekeo ukabadilika. Mwaka 2007 jarida la Time likakiweka kwenye orodha yake ya uvumbuzi bora wa mwaka.

Vibram hawakuwa peke yao. London, mwaka 2004, kijana wa ukoo wa Clarks, wale wa viatu vya shule, alikuwa ameshazindua Vivobarefoot. Nike nao, baada ya kusikia kwamba wanariadha wa Chuo Kikuu cha Stanford wanafanya mazoezi peku kwenye majani, walitengeneza Nike Free, raba yenye soli iliyokatwakatwa ili ijikunje. Lakini mpaka hapo ilikuwa bado ni biashara ya watu wachache wenye mambo yao. Kiki ilikuwa bado.

Kitabu kimoja, utafiti mmoja, moto ukawaka

Kiki ilikuja mwaka 2009. Mwandishi mmoja wa Marekani, aliyechoka kuumwa mguu kila akikimbia, alikwenda kwenye makorongo ya kaskazini mwa Mexico wanakoishi Wararámuri, wengi wanawaita Tarahumara. Watu hawa wanakimbia umbali mrefu milimani wakiwa na makubazi ya tairi na kamba. Ndiyo, tairi, kama katambuga tu. Akaandika kitabu, Born to Run, kikauzwa sana na kikakaa kwenye orodha za vitabu vinavyouzika kwa muda mrefu. Mmoja wa wahusika wake ni Mmarekani anayependa kukimbia peku, na kitabuni anaonekana na FiveFingers. Tangazo bora kuliko hilo kampuni haiwezi kulinunua.

Januari 2010 likafuata pigo la pili. Jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na profesa mmoja wa Harvard. Timu yake iliwapima wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya, wakiwemo waliozoea kukimbia peku tangu utotoni. Wakaona kwamba waliozoea peku mara nyingi wanatua kwa sehemu ya mbele au ya kati ya unyayo, na ule mshtuko wa kwanza wa kugonga ardhi unakuwa mdogo kuliko kwa anayetua kisigino.

Utafiti huo haukusema kwamba kukimbia peku kunazuia majeraha. Watafiti wenyewe waliandika wazi kwamba hawakupima hilo, na waliweka wazi pia kwamba Vibram ilikuwa miongoni mwa waliochangia fedha. Lakini nani anasoma mpaka mwisho? Mtaani ikabaki sentensi moja: "Harvard wamesema raba zinaumiza."

Baada ya hapo kila mtu alitaka kipande chake. New Balance wakaleta Minimus. Merrell wakatoa viatu vya mlimani vyenye soli ya Vibram. Huko Utah kijana aliyefanya kazi kwenye duka la viatu la familia alikuwa akizichoma raba kwenye oveni ndogo ya mkate ili gundi ilegee, anang'oa kisigino, anazirudisha zikiwa bapa. Kazi hiyo ikazaa chapa ya Altra. Colorado, mwaka 2009, mume na mke walianza kuuza kipande cha mpira na kamba ili mteja ajitengenezee kubazi nyumbani. Ndiyo mwanzo wa Xero Shoes. Mwaka 2013 walikwenda kwenye kipindi cha Shark Tank, tajiri mmoja akawapa ofa ya dola 400,000 achukue nusu ya kampuni. Wakakataa mbele ya kamera, na kampuni ipo hadi leo.

Fikiria fundi wa katambuga anaangalia kipindi kile. Kipande cha mpira, kamba, laki nne za dola mezani, na watu wanasema hapana, hazitoshi.

Miguu inaanza kujibu

Watu walifanyaje? Walinunua kiatu Ijumaa, Jumamosi wakakimbia kilomita 10. Mtu wa miaka 35 ambaye tangu chekechea hajawahi kutembea peku nje ya sebule yake anaupeleka mguu wake kwenye lami, bila sponji, kwa mara ya kwanza. Raba ilikuwa ikiufanyia mguu kazi fulani. Ukiitoa, kazi hiyo haipotei. Inahamia kwenye misuli ya unyayo, kwenye chafu za miguu, kwenye kano ya kisigino na kwenye mifupa midogo ya mbele. Hivyo vyote vinaweza kuimarika, ila vinataka miezi, siyo wikiendi.

Mwaka 2013 watafiti wa Utah walichapisha matokeo ya wakimbiaji 36. Kundi moja lilihamia FiveFingers taratibu kwa wiki 10, jingine likabaki na raba zake. Vipimo vya MRI vikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliohamia walikuwa na uvimbe wa ndani ya mifupa ya mguu, dalili kwamba mfupa umezidiwa. Na hao walikuwa wamepewa mpango wa kwenda polepole.

Mwaka huo huo ukaja utafiti mwingine, huu kutoka kaskazini mwa Kenya karibu na Ziwa Turkana. Watafiti waliwapima Wadaasanach 38, watu waliokua bila viatu. Kwa mwendo waliouchagua wenyewe, asilimia 72 ya hatua zao zilitua kwa kisigino. Kwa hiyo hata ile picha ya "Mwafrika asiye na viatu anatua kwa vidole" ilikuwa ni ya kundi moja, tena la wakimbiaji wenye kasi. Afrika ina watu wengi na ardhi nyingi, na kila mguu unajifunza kutokana na mwendo wake na ardhi yake. Ila tangazo halina nafasi ya maelezo hayo.

Mahakamani

Machi 2012 mteja mmoja mwanamke alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Massachusetts kwa niaba ya wanunuzi wote. Hakudai kwamba ameumia. Alidai kwamba ameuziwa maneno: kampuni ilisema viatu vinaimarisha misuli ya miguu, vinaboresha mizani na mkao wa mwili, na kwa sababu hiyo watu walilipa bei kubwa, wakati ushahidi wa kisayansi wa kubeba ahadi hizo haukuwepo.

Mei 2014 zikaja habari za makubaliano. Vibram walikana kosa lolote, lakini walikubali kuweka dola milioni 3.75 kwenye mfuko wa kurudishia wateja na kuacha kutangaza faida za kiafya bila ushahidi. Vyombo vya habari vikapiga kelele kwamba kila mteja anaweza kupata hadi dola 94 kwa jozi. Watu wakajaa. Waliodai walikuwa wengi kiasi kwamba hesabu ilipokamilika kila jozi ilirudishiwa dola 8.44.

Dola nane, kwa kiatu ambacho wengi walikinunua kwa zaidi ya 80. Aliyepasuka mfupa hakupata cha ziada.

Mbaya zaidi, kesi ile iliua hata kilichokuwa cha kweli. Watu wakahitimisha kwamba kiatu chembamba ni utapeli tu, nukta. Hapana. Kiatu chembamba ni kifaa. Kuna wanaokitumia miaka na miaka wakiwa salama, na mazoezi ya peku kwenye majani ni kitu ambacho makocha wamekitumia tangu zamani. Kilichoanguka mahakamani ni ahadi ya muujiza.

Upepo unageuka

Wakati wembamba unavuma, Wafaransa wawili wa mji wa Annecy walikuwa wameanza mwaka 2009 kutengeneza kitu kinyume kabisa: Hoka, raba yenye soli kama keki ya harusi. Watu waliicheka kama walivyoicheka FiveFingers. Kufika 2022 mauzo ya Hoka kwa mwaka yalipita dola bilioni moja, na leo utaiona miguuni kwa manesi, wasanii na watoto wa mjini ambao hawajakimbia hata kuwahi daladala.

Kwenye mashindano mambo yakawa makubwa zaidi. Mei 2017, kwenye uwanja wa magari wa Monza, Italia, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 2 na sekunde 25 akiwa na Nike yenye sponji nene na bamba la kaboni ndani. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, akavunja ukuta: saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Muda huo haukuingizwa kwenye rekodi rasmi kwa sababu ya utaratibu wa mbio zenyewe, lakini dunia iliuona. Soli zilinenepa mpaka mwaka 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani.

Yaani ndani ya miaka 10, Mkenya yule yule aliyetumika kuuza wembamba, sasa anatumika kuuza unene. Mara ya kwanza ilisemwa: angalia, anakimbia hivi kwa sababu alikua peku. Mara ya pili: angalia, anakimbia hivi kwa sababu ya sponji yetu. Kazi aliyofanya yeye, kilomita zaidi ya 200 kwa wiki kwenye barabara za udongo za Bonde la Ufa, haina boksi wala bei, kwa hiyo haitangazwi.

Na ukweli mwingine ambao wauzaji wa peku hawakuupenda: watoto wengi wa Iten na Eldoret waliokimbia peku kwenda shule hawakuchagua. Hawakuwa na viatu. Wakipata raba, wanavaa. Umaskini wa mtu uligeuzwa kuwa siri ya mafanikio, ukawekwa bei, ukauzwa California.

Basi wakaamua kuuza wenyewe

Mwaka 2016 Mkenya mmoja mwanamke, mwanasheria kwa taaluma, na mwenzake Mmarekani waliuliza swali ambalo ulitegemea liwe limeulizwa zamani: nchi inayoongoza kwa wakimbiaji, mbona haina raba yake? Wakaingia Kickstarter kuomba watu wanunue kabla kiatu hakijatengenezwa. Zaidi ya dola 100,000 zikaingia. Chapa wakaiita Enda, kwa Kiswahili kabisa, nenda. Kiatu cha kwanza wakakiita Iten.

Cha kuvutia ni umbo lake. Hawakufuata vidole vitano, wala hawakufuata keki ya harusi. Iten ilikuwa raba nyepesi, soli ya wastani, na tofauti ya kisigino na vidole ni milimita 4 tu. Yaani karibu na ardhi, lakini siyo peku. Chini wakaandika Harambee. Kiatu cha pili, Lapatet, kikachukua neno la Kikalenjin la kukimbia.

Haikuwa kazi rahisi. Kutengeneza raba kunataka vibao vya kukandia soli, gundi, vitambaa maalumu, na mafundi waliozoea. Sehemu kubwa ya ujuzi huo dunia imeukusanya Asia. Kampuni ndogo ya Nairobi inanunua kila kitu kwa bei ya rejareja wakati majitu yanapiga simu moja tu. Lakini hoja ilikuwa imewekwa mezani: kama stori ni ya Bonde la Ufa, risiti nayo isomeke hivyo.

Fundi wa katambuga ameshaliishi hilo miaka yote, tena bila Kickstarter. Hajawahi kuahidi kwamba kiatu chake kitakuponya goti. Anakuambia tu hakitaisha, na hakiishi.

Sasa wewe ufanyeje?

Mijini kwetu mbio zimekuwa maisha. Klabu za jogging zinaamsha Temeke kila wikiendi, na kila baada ya wiki mbili kuna marathoni ya benki au ya taasisi fulani yenye fulana na medali. Viatu vya vidole na "barefoot shoes" navyo vimeshatua kwenye kurasa za wauza viatu mtandaoni, vingine feki kabisa, vikiwa na ahadi zile zile zilizokwama Massachusetts. Kabla hujatuma pesa, mambo machache.

Kama unakimbia na raba yako na huumwi, hakuna ushahidi wa kukulazimisha uhame. Kama unataka kuhama, anza kwa kutembea, tena ndani na kwenye majani. Kisha dakika chache za kukimbia, siku moja moja, huku raba yako ya zamani ikiendelea na kazi kubwa. Hesabu miezi. Chafu za miguu zikikaza ni kawaida. Ukisikia maumivu ya mfupa sehemu moja juu ya mguu, simama na umwone daktari, usijitie ushujaa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijaribu kabisa bila ushauri wa hospitali.

Na muuzaji akikuambia kiatu chake kimethibitishwa na Harvard, muulize kilithibitishwa kufanya nini hasa. Akibabaika, umeshaokoa hela.

FiveFingers bado vinatengenezwa hadi leo, vina wapenzi wake, na Vibram wanaviuza kwa maneno ya tahadhari zaidi kuliko zamani. Yule bosi wa tawi la Marekani aliyekipeleka kwa wakimbiaji aliondoka, na mwaka 2013 akaanzisha chapa yake, Topo, ambayo leo inauza raba zenye nafasi ya vidole na sponji ya kutosha tu. Hata yeye alikuja kukaa katikati.

Bikila hakuacha mafundisho yoyote kuhusu soli. Aliona viatu vya Roma vinambana, akavivua. Tokyo vikamkaa, akavivaa. Mara zote mbili bendera iliyopanda ilikuwa ile ile.